Nani Alisema "Waumini" Ni Neno la Msikitini?

Kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, toka Kasongo hadi Kabambare, kijiji cha Lusangi kikiwa humo, si ajabu mama mmoja kuwa na mtoto aitwaye Yusufu na mwingine aitwaye Josefu. Ijumaa huyu anatia udhu, Jumapili yule anakwenda misa, na jioni mikono yao inakutana kwenye sahani moja ya ugali na sombe. Ukoo wa namna hiyo umeshapita katika mambo mazito kuliko tofauti ya herufi moja au mbili. Ndiyo maana inauma kusikia watu wazima, wenye elimu na nia njema, wakiwafundisha vijana kwamba Mkristo hapaswi kuitwa muumini. Muumini, wanasema, ni mtu wa msikitini. Wa kanisani ni mwamini, na wakiwa wengi ni waamini.

Dai hili halikuzaliwa Lusangi. Linasikika popote watu wanaposali kwa Kiswahili, pwani na bara. Wapo makatekista na wahariri wa vitabu vya dini wanaolishikilia kwa hoja kwamba "muumini" ni Kiarabu na "mwamini" ni Kiswahili. Wapo pia Waislamu wanaolishikilia kutoka upande wa pili, kwa kuona kwamba Wakristo wamejitwalia jina lisilo lao. Pande hizo mbili zinatofautiana katika mengi, lakini hapa zinapeana mkono: neno lina mwenyewe, na mwenyewe ni Uislamu. Makala haya yanakataa. Neno hilo halikuanza na Uislamu, halikuishia kwenye Uislamu, na kulinyang'anya Kanisa la Maniema ni kuwarudisha watu wa huko kwenye ubaguzi ambao tayari ulishawagharimu.

Lugha kwanza. Mwamini na muumini ni ndugu wa baba mmoja. Mzizi wao ni ule wa Kiarabu wenye herufi tatu, alifu, mimu na nuni, mzizi uliotupa kuamini, imani, amana, amani na mwaminifu. Hata "Amina" inayofunga sala ya Mkristo na dua ya Mwislamu ni ya ukoo huo huo, nayo Waarabu waliipokea kutoka kwa Waebrania na Waaramu waliokuwa wakiitamka karne nyingi kabla yao. Kwa hiyo anayeacha "muumini" na kukimbilia "mwamini" hajatoka nje ya Kiarabu. Ametoka chumba kimoja akaingia kingine cha nyumba ile ile.

Tofauti iliyopo ni ya karakana tu. Kiarabu kilichukua kitenzi āmana, kikakitia mu- mbele, kikapata mu'min, yaani mwenye kuamini. Waswahili walilipokea neno likiwa limeshaundwa, na kwa kuwa mu- hiyo ilifanana na kiambishi chao cha watu, wakaligeuza wingi wake bila taabu: muumini, waumini. Mwamini amepita njia nyingine. Kiswahili kilichukua kitenzi kuamini, kikakitia m- yake chenyewe, kama kilivyofanya kwa mhubiri kutoka kuhubiri na mfasiri kutoka kufasiri. Njia zote mbili ni halali na zote mbili zina watoto wengi. Hakuna kanuni ya sarufi inayosema kwamba njia ya kwanza ni ya Ijumaa na ya pili ni ya Jumapili.

Na hapa inafaa kumtazama mtu anayelitoa katazo hilo. Katika vijiji vya mashariki ya Kongo, anayefundisha dini na kuongoza sala pale padri asipofika huitwa mwalimu. Neno mwalimu limetoka wapi? Kwa Kiarabu ni mu'allim: kitenzi, mu- mbele yake, mtenda. Ni kalibu ile ile iliyomzaa muumini, na kabla ya kufika kwenye misheni lilikuwa jina la mtu anayefundisha watoto Kurani chuoni. Kanisa lililichukua, likalivika kazi mpya, na leo hakuna anayeshtuka. Mwalimu wa Lusangi anayemwambia kijana asijiite muumini kwa sababu ni neno la Waislamu, anamwambia hayo akiwa yeye mwenyewe amevaa cheo kilichoshonwa kwa uzi huo huo. Akitaka kuwa mkweli kwa hoja yake, itambidi aanze kwa kulikataa jina la kazi yake.

Akimaliza hapo, aendelee na mengine. Kanisa ni Kiarabu, kutoka Kiaramu, na maana yake ya mwanzo ni kusanyiko. Askofu ni usquf ya Kiarabu, iliyotokana na Kigiriki. Kasisi na shemasi ni maneno ya Wakristo wa Shamu waliosali kwa Kisiria, yakapita kwa Waarabu hadi yakafika kwetu. Injili ni Kigiriki kilichobadilishwa sura njiani. Msalaba, madhabahu, zaburi, sala, sadaka, toba, roho, dhambi, malaika, nabii: mtu akiyatoa haya yote kwa sababu yamepita kinywani mwa Mwarabu, Misa ya Kiswahili haina tena maneno ya kusomeka.

Wenye dai watajibu kwamba hayo ni majina ya vitu, na muumini ni jina la mtu, jina la utambulisho. Waarabu walilifanya la Waislamu. Jibu hilo linasikika vizuri mpaka uwaulize Waarabu. Ndani ya Misri, Lebanoni, Shamu na Iraki kuna Wakristo wanaosali kwa Kiarabu tangu kabla ya pwani ya Afrika Mashariki kuijua Biblia. Tafsiri ya Biblia ya Kiarabu iliyokamilishwa Beirut na kuchapishwa mwaka 1865, inayojulikana kwa jina la Van Dyck, inawaita watu waliojiunga na Kanisa la kwanza, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, aya ya 14, kwa neno mu'minun. Ndio waumini hao hao. Mkristo wa Kairo akisikia kwamba huko Maniema wenzake wanakatazwa neno hilo kwa kuwa ni la Waislamu, hatajua aanzie wapi kushangaa.

Tena kuna ushahidi wa karibu zaidi, katika ardhi ya Afrika yenyewe. Ufalme wa Aksum ulipokea Ukristo katika karne ya 4, wakati wa mfalme Ezana, zaidi ya miaka 200 kabla Mtume Muhammad hajazaliwa. Lugha ya ibada ya Kanisa la Ethiopia ni Kigeezi, nacho kina mzizi ule ule wa alifu, mimu na nuni. Mpaka leo, mtu wa kawaida wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, yule asiye padri wala shemasi, huitwa kwa neno la mzizi huo: mi'imen, na wengi wao mi'imenan. Lisikilize jina hilo kwa sikio la Kiswahili. Kanisa la Waafrika, lenye umri mkubwa kuliko msikiti wowote duniani, linawaita watu wake waumini. Waebrania nao humwita mwenye kuamini ma'amin. Ni familia kubwa ya lugha zilizokaa jirani, na kila moja ilipotaka kumtaja mtu mwenye imani ilichimba kisima kile kile.

Na Uislamu wenyewe? Anayesema kwamba muumini ni jina jingine la Mwislamu anapaswa kuifungua Kurani katika sura ya 49, aya ya 14. Hapo Mabedui wanaodai kwamba wameamini wanarekebishwa: waseme wamesilimu, kwa maana imani bado haijaingia mioyoni mwao. Aya inatenganisha kusilimu na kuamini, na tangu hapo wanazuoni wa Kiislamu wameandika kurasa nyingi juu ya tofauti ya islamu na imani. Kwa mafundisho yao wenyewe, si kila aliye Mwislamu ni muumini. Muumini ni daraja ya moyo. Hati ile ya Madina, mapatano ambayo Mtume alifanya na watu wa mji huo baada ya kuhamia mwaka 622, inawataja waumini, kisha inawataja Wayahudi waliokuwa upande wao na kuwahesabu kuwa umma mmoja pamoja na waumini huku kila mmoja akibaki na dini yake. Watafiti wanabishana sana juu ya maana ya kifungu hicho, na makala haya hayatamaliza ubishi huo. Kinachoonekana bila ubishi ni kwamba neno lilikuwa pana tangu asubuhi yake.

Basi mstari huu kati ya waumini na waamini ulitoka wapi? Ulitoka mahali palipotoka mistari mingine ya aina yake. Kiswahili cha dini kina tabia ya kugeuza tahajia kuwa ukuta. Neno moja la Kiarabu, la kusimama mbele ya Mungu, limegawanywa mara mbili: Mkristo husali, Mwislamu huswali. Mmoja hutoa sadaka, mwingine swadaka. Wakristo nao wakajengeana ukuta kati yao. Mkatoliki alikuwa na Yezu Kristu, aliyepita Kilatini. Mprotestanti alikuwa na Yesu Kristo, aliyepita Kigiriki. Na kwa miaka mingi mtu akitamka jina la Mwokozi ulijua mara moja alibatizwa kwa nani. Z na S zilikuwa kama chale usoni.

Ukuta huo ulivunjwa, na uvunjaji wake una funzo kubwa kwa mjadala huu. Biblia Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, ilitafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa meza moja. Walikubaliana juu ya Yesu Kristo. Na walipofika Matendo ya Mitume sura ya 2, aya ya 44, panaposimuliwa jinsi wafuasi wa kwanza walivyoishi kwa umoja na kugawana mali, waliandika "waumini". Tafsiri ya zamani, ile ya Union iliyochapishwa 1952, ilipenda kuzunguka kwa kitenzi: walioamini, waaminio. Watafsiri wa baadaye walitaka jina, nao hawakuliogopa lile lililokuwa midomoni mwa watu. Hawa walikuwa wataalamu wa Maandiko wa pande zote mbili. Anayesema leo kwamba "waumini" si neno la Kikristo anabishana na Biblia iliyo mikononi mwa Wakristo wa Kiswahili wa kila dhehebu.

Ni kweli kwamba Wakatoliki wengi wanapenda "waamini". Idhaa ya Kiswahili ya Redio Vatikani imelizoea, vitabu vingi vya liturujia vimelizoea, na ni neno zuri, safi, linaloonyesha asili yake kwa kila anayejua kitenzi chake. Hakuna sababu ya kuliacha. Magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa upande wao, huandika waumini wa Kanisa Katoliki na waumini wa msikiti fulani katika ukurasa mmoja, wala wasomaji hawachanganyikiwi. Wanasiasa wamekwenda mbali zaidi: mtu husimama jukwaani akasema yeye ni muumini wa umoja wa Afrika au wa utawala wa sheria. Neno limeshatoka nje ya nyumba zote za ibada na linatembea sokoni. Kosa si kusema waamini. Kosa ni kumrekebisha anayesema waumini, na kumrekebisha kwa sababu ya uongo.

Uongo huo unaonekana zaidi pale watu wanapolitafuta neno la kukimbilia. Waprotestanti wengi, Kongo na kwingineko, humwita mtu wa kanisa lao mshirika, wengine mshiriki. Walutheri wa Tanzania wana usharika na washarika wake. Upande wa Kivu na Maniema, jumuiya ndogo ya Wakatoliki inayokutana nyumba kwa nyumba huitwa shirika. Ni maneno ya heshima. Yanasema kwamba Kanisa ni kushirikiana, kugawana mkate na mzigo. Lakini anayepima maneno kwa asili ya Kiarabu peke yake ajue alikotua. Mzizi wa shini, ra na kafu ndio unaotoa shirki, yaani kumfanyia Mungu mshirika, dhambi ambayo katika Uislamu haina ya kuizidi. Mwenye kuitenda huitwa mushrik, na kutoka hapo Kiswahili kilipata mshirikina na ushirikina, neno ambalo leo mchungaji hulitumia madhabahuni anapokemea hirizi na waganga.

Itazame hali hiyo kwa makini. Mkristo anakatazwa "muumini" kwa kuwa katika Kiarabu linamtaja Mwislamu mwema. Halafu anapewa "mshirika", ambalo kwa mzizi wake linasimama mlango mmoja na jina la mkosaji mkubwa kuliko wote mbele ya Uislamu. Je, washirika wa kanisa ni washirikina? La hasha, na hakuna mtu timamu aliyewahi kufikiri hivyo, kwa sababu maana ya neno huamuliwa na watu wanaolitumia wakielewana. Ikiwa Kanisa lina nguvu ya kuitakasa sh-r-k ikawa ushirika wa meza ya Bwana, lina sababu gani ya kutetemeka mbele ya muumini, ambalo halikuhitaji kutakaswa?

Hata "Mkristo", jina ambalo hakuna anayelipinga, halikutungwa na wenye nalo. Kitabu cha Matendo kinasema wanafunzi waliitwa hivyo kwa mara ya kwanza Antiokia, na mkia wa neno lenyewe ni wa Kilatini, mkia uliotumiwa kuwataja wafuasi wa mkubwa fulani, kama Waherode wa Herode. Linaonekana mara tatu tu katika Agano Jipya lote. Wenyewe walijiita ndugu, watakatifu, watu wa Njia, na wale walioamini. Kwa umri ndani ya Kanisa, "wenye kuamini" ni jina la nyumbani kuliko "Wakristo".

Sasa turudi Maniema, kwa sababu hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wanaisimu.

Kiswahili kilifika huko na misafara ya pwani, kwa biashara ya pembe na ya watu. Kilipofika kilikuwa na maneno mawili makali. Mtu wa msafara, aliyevaa kanzu na kujua kusali, alikuwa muungwana. Mtu wa kijijini aliyekutwa hapo alikuwa mshenzi. Ndiyo asili ya jina Kingwana, ambalo Wazungu walilipa Kiswahili cha Kongo: John Whitehead na mwenzake walichapisha kitabu chao cha sarufi ya Kingwana huko Wayika, kando ya Lualaba, mwaka 1928. Pwani muungwana ni mtu huru, aliyezaliwa na wazazi huru. Maniema jina hilo likawa la Mwislamu na la ustaarabu wake. Wajukuu wa walioitwa washenzi wakalichukua, wakasilimu, wakajenga misikiti, wakawa waungwana wao wenyewe. Neno lililowakata vipande wakalifanya lao.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa ameifanya Kasongo mji mkubwa wa watu wa pwani. Jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji likiongozwa na Dhanis liliiteka Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Baada ya hapo watawala wa Kibelgiji wakaleta kisu kingine cha maneno. Mwislamu wa Maniema, awe Mkusu, Mzimba au Mbangubangu kwa baba na mama, waliandika kwa Kifaransa kwamba ni "arabisé", mtu aliyegeuzwa Mwarabu. Jina hilo lilimtoa katika kabila lake na kumweka katika fungu la watu wa kushukiwa. Shule zilizopewa ruzuku ya serikali kwa muda mrefu zilikuwa za misheni, na familia ya Kiislamu iliyotaka mtoto asome ililazimika kuchagua kati ya elimu na dini. Hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa, na mzee wa Kasongo hahitaji kitabu cha kumkumbusha.

Hoja ya kwamba neno likiwa na asili ya Kiarabu basi anayelisema si wa kwetu, hiyo ndiyo hoja ya "arabisé" yenyewe. Imebadilisha nguo tu. Zamani ilitumika kumtenga Mwislamu na jirani yake. Leo inatumika kumtahadharisha Mkristo asifanane na jirani huyo hata kwa jina. Wanaolitoa katazo hawakusudii hivyo, na mwandishi hana shaka na nia zao. Lakini mtoto wa Lusangi hafundishwi nia. Anafundishwa kwamba neno alilolisikia kwa babu yake Mwislamu ni kitu cha kujihadhari nacho.

Inashangaza zaidi ukikumbuka nani waliipeleka Injili huko. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walianzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Lavigerie aliwavisha mavazi ya watu wa Algeria: kanzu nyeupe, joho, na kofia nyekundu, rozari wakaivaa shingoni. Alitaka wafanane na Waarabu wa huko, ambao mapadri hao wangeishi kati yao. Vazi hilo likavuka nao hadi Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Vikarieti ya Kasongo iliyokatwa kutoka Kivu mwaka 1952, ikawa jimbo mwaka 1959, ililelewa na watu waliovaa hivyo. Kama kanzu ya Algiers haikuwafanya kuwa Waislamu, silabi mbili za Kiarabu haziwezi kumfanyia hivyo mama wa Lusangi anayekwenda misa.

Wala hawakufika mahali pasipo na maneno ya imani. Msafiri David Livingstone, ambaye aliandika Bambarre badala ya Kabambare, alikwama hapo kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, miguu ikiwa na vidonda, akitegemea wafanyabiashara wa pwani kwa chakula na habari. Katika muda aliokaa Maniema aliisoma Biblia yake mara nne, mwanzo hadi mwisho. Waliomzunguka walikuwa na Mungu, dini, imani, dua na malaika katika lugha yao ya kila siku. Wahubiri waliokuja baadaye walihubiri kwa maneno waliyoyakuta. Wasingeweza vinginevyo, na hawakuona haya.

Zipo maana ndani ya neno hili ambazo zingepotea kama lingefungwa msikitini, na hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Mu'min kwa Kiarabu si mwenye kuamini tu. Ni pia mwenye kutoa amani, ambaye mwingine akiwa karibu naye anajiona salama; kwa maana hiyo ni mojawapo ya majina ya Mungu katika Kurani, katika sura ya 59, aya ya 23. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno lenye sura mbili vilevile: pistos ni anayeamini, na ni anayeaminika. Kilatini kikaliita fidelis, Kifaransa kikapata "fidèles", ambalo mapadri wa Kongo hulitumia kila siku kuwataja watu wa parokia. Kiswahili kina bahati ya kuwa na familia nzima ya maneno inayobeba hayo yote kwa pamoja: anayeamini, anayeweka amana, anayetunza amani. Muumini anayasema yote kwa pumzi moja.

Watu wa Kasongo na Kabambare wanaijua thamani ya amani kwa sababu wameikosa. Uasi wa 1964 ulipita kwao, na vita vilivyoanza 1996 vilipita tena na tena. Askofu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliliongoza Jimbo la Kasongo kabla ya kupelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Bukavu ilipovamiwa, hakukimbia. Alikuwa akipaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na wakazi waliobaki bila mtetezi, na aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kwa maana kongwe ya neno, ile ya mtu ambaye wengine hutafuta usalama kwake, ni jina gani lingemfaa zaidi?

Zipo pia sababu za kazi ya kila siku. Kwenye msiba wa ukoo wenye dini mbili, anayeshika nafasi ya kuzungumza mbele ya watu anahitaji neno moja la kuwaita waliokusanyika. Akisema Wakristo amewaacha nusu; akisema Waislamu amewaacha nusu nyingine; akisema "waumini na waamini" amewapanga safu mbili mbele ya jeneza la mtu mmoja. Neno linaloweza kuwakaribisha wote liko tayari, lina umri mkubwa, na Kanisa la Ethiopia, Wakristo wa Shamu, watafsiri wa Biblia Habari Njema na Kurani yenyewe wamelitumia bila kuombana ruhusa.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mhariri anayependa waamini aendelee kuandika waamini. Mwalimu wa dini akisikia mtoto anasema "sisi waumini wa parokia hii", amwache amalize sentensi yake. Na yule wa shule ya msingi, akilikuta neno hilo kwenye daftari la Josefu siku moja na kwenye daftari la Yusufu siku ya pili, ayawekee yote mawili alama ya sahihi, kwa wino ule ule.